Sauti, Ukuta na Jirani: Historia Fupi ya Kusikika kwa Neno katika Majengo ya Ibada, na Funzo Lake kwa Songea

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhubiri katika usharika mmoja wa Songea. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Februari, wakati ambapo mvua za kusini zimekolea. Kanisa lilikuwa jipya, nalo lilikuwa fahari ya washarika: kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri, na paa la bati lisilo na dari. Mvua ilianza mara tu baada ya somo la Injili. Nilihubiri kwa dakika ishirini kwa nguvu zote za kifua changu. Ibada ilipokwisha, mama mmoja mzee alinipa mkono mlangoni, akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, leo tumekuona ukihubiri." Hakusema kwamba walinisikia.

Neno lile lilinisumbua kuliko lawama yoyote. Sisi tulio warithi wa Matengenezo ya Kanisa twafundisha kwamba imani huja kwa njia ya kusikia (Rum. 10:17). Katika vyuo vyetu twafundisha ufafanuzi wa Maandiko, historia ya Kanisa na utunzi wa mahubiri. Lakini ni mara chache tunamkumbusha mwanafunzi kwamba kati ya kinywa cha mhubiri na sikio la msikilizaji kuna jengo, na kwamba jengo hilo laweza kuwa mtumishi wa Neno au mpinzani wake.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi watu wa zamani na wa sasa walivyoshughulika na sauti katika nyumba za ibada, jinsi elimu ya sauti ilivyopata vipimo vyake, na jinsi dola za Afrika Mashariki zilivyokuja kuweka viwango vya kelele. Swali linalotuongoza ni moja: sauti ikitoka kinywani mwetu, jengo huifanya nini, nayo huishia wapi? Sehemu ya pili ya swali hilo, kama tutakavyoona, ndiyo tuliyoisahau.

1. Chini ya mti na chini ya nyasi

Kabla ya majengo makubwa, watu wa nchi hii walizungumza mambo yao mazito nje. Baraza lilikaa chini ya mti, mnenaji akasimama, na wasikilizaji wakamzunguka kwa karibu. Mahali pa wazi hapana ukuta wa kurudisha sauti, kwa hiyo hapana mwangwi. Kila neno husikika mara moja, kisha hutoweka. Udhaifu wa mahali hapo ni umbali. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakiendi kama hesabu ya kawaida: kila nyongeza ya desibeli 10 ni nguvu ya sauti iliyozidishwa mara kumi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mtu anayezungumza kwa kawaida husikika kwa desibeli 60 hivi akiwa mita 1 mbele yetu. Kwa mita 8 zimebaki 42. Ndiyo maana wazee walikaa karibu karibu, na ndiyo maana mnenaji hodari aliacha nafasi ili wenzake waitikie.

Wamisionari Wabenedikto walipofika Peramiho mwaka 1898, kilomita 24 hivi kutoka mahali palipo mji wa Songea, walikuta nchi ya nyumba za miti, udongo na nyasi. Makanisa ya kwanza katika misheni nyingi za nchi yetu yalijengwa kwa vitu hivyo hivyo. Kwa upande wa sauti majengo hayo yalikuwa na sifa ambayo hatukuithamini. Paa nene la nyasi hufyonza sauti badala ya kuirudisha, na mvua ikinyesha juu yake hutoa mnong'ono tu. Katika kanisa la nyasi mhubiri hakushindana na paa lake.

Lakini nyasi huoza, hukaa mchwa, na zaidi ya yote huwaka moto. Katika Vita vya Maji Maji misheni ya Peramiho ilichomwa moto mwezi Septemba 1905. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini, na katika siku zile aliuawa pia Nduna Songea Mbano ambaye mji huu umechukua jina lake. Baada ya vita, yeyote aliyejenga upya alikuwa na sababu za kutaka jengo lisiloungua. Matofali, vigae na bati vikachukua nafasi ya udongo na nyasi. Kanisa kubwa la Abasia ya Peramiho, lililojengwa katika miaka ya 1940, ni kilele cha safari hiyo katika mkoa wetu.

Jengo kubwa lenye kuta ngumu huishika sauti kwa muda mrefu. Kwa watawa wanaoimba zaburi kwa utaratibu wa pole, jambo hilo ni baraka, kwa sababu uimbaji wao wa kale ulikulia katika majengo ya namna hiyo: sauti moja hupokewa na ukuta, ikarudi na kuungana na ile inayofuata. Lakini mahubiri si zaburi. Silabi inayodumu hewani huifunika silabi inayofuata, na sentensi ndefu hugeuka kuwa uvumi. Waliojenga kwa tofali na jiwe walipata usalama na heshima, pamoja na tatizo ambalo wazee chini ya mti hawakulijua.

2. Kilwa na Torgau

Tatizo hilo halikuanzia Songea. Tukifuata njia za misafara ya karne ya 19, zilizounganisha nchi ya Wangoni na pwani, tutafika Kilwa, na pale Kilwa Kisiwani tutaukuta Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12, na upanuzi wake wa kuba na matao ni wa karne zilizofuata. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Imamu huongoza sala akielekea kibla, yaani akiwapa mgongo wanaomfuata. Sauti yake ingepotelea ukutani, kama si mihrabu. Shimo lile lenye umbo la mviringo huikusanya sauti na kuirudisha nyuma kwa safu za waumini. Na mahali ambapo watu ni wengi, mtu mmoja katika safu huipokea takbira na kuitamka tena ili walio mbali wasikie. Hivyo jengo na utaratibu wa ibada hushirikiana, wala hapahitajiki kupiga kelele.

Kanisa letu nalo lilikuwa na fundisho lake. Tarehe 5 Oktoba 1544 Martin Luther aliweka wakfu kanisa la ngome ya Torgau huko Saksonia, ambalo huhesabiwa kuwa kanisa la kwanza lililojengwa mahsusi kwa ibada ya Kilutheri. Katika mahubiri yake siku ile alieleza kwamba nyumba hiyo ni kwa ajili ya Bwana kusema nasi kwa Neno lake na sisi kumjibu kwa sala na sifa. Wajenzi walilichukua fundisho hilo kwa uzito. Mimbari haikuwekwa mwisho wa jengo refu. Iliwekwa katikati ya ukuta wa upande, na roshani zikazunguka ili watu wengi wakae karibu na mhubiri. Umbali ukapungua, na miili ya watu ikafunika kuta tupu.

Mfano mwingine ni Kanisa la Mtakatifu Thoma mjini Leipzig, ambako Johann Sebastian Bach alikuwa kiongozi wa muziki tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Jengo lilikuwa la zamani, la mawe, lililorithiwa kutoka nyakati za kabla ya Matengenezo. Walutheri waliongeza roshani na viti vya mbao. Mwaka 1930 mtaalamu Mwingereza Hope Bagenal alieleza kwamba mbao zile zilifupisha mwangwi wa kanisa, na kwamba jambo hilo liliwezesha nyimbo zenye sauti nyingi na mwendo wa haraka kusikika waziwazi. Kama maelezo yake ni sahihi, basi muziki ule tunaousifu unadaiwa kitu na mafundi seremala waliotaka tu mahubiri yasikike.

Haya yote yalifanyika kwa uzoefu. Hakuna aliyekuwa na hesabu. Mjenzi alijua kwamba kipaa cha mbao juu ya mimbari kinasaidia, lakini hakujua kwa kiasi gani.

3. Sabine na dirisha lililo wazi

Hesabu ilikuja mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno moja lilidumu hewani kwa sekunde 5 na nusu hivi. Kazi ya kuchunguza kasoro hiyo alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Alifanya kazi yake usiku, mji ulipotulia, akiwa na bomba moja la kinanda, saa ya kupimia sekunde, na masikio yake. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaiingiza michache michache, akapima kila mara jinsi sauti ilivyofupika. Mito ilipokuwa mingi, muda ulishuka hadi kama sekunde 1.

Mwaka 1898 alipata kanuni ambayo inatumika hadi leo. Muda wa sauti kudumu, kwa sekunde, ni 0.16 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wa vitu vyote vilivyomo. Kwa kanuni hiyo alishauri juu ya Ukumbi wa Simfoni wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900.

Lakini ufyonzaji unapimwa kwa nini? Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu. Sabine alihitaji kitu kinachofyonza sauti yote bila kurudisha chochote, akakipata kilicho rahisi kuliko vyote: dirisha lililo wazi. Sauti ikifika dirishani hutoka nje, hairudi tena. Kwa hiyo mita 1 ya mraba ya dirisha wazi ikawa kipimo kimoja, na mazulia, mapazia, mbao na watu vikapimwa kwa kulinganishwa nalo.

Tuichukue kanuni hii na kuipeleka katika kanisa la kawaida la mtaa hapa Songea. Tuseme lina urefu wa mita 20, upana wa mita 10, na kimo cha wastani cha mita 5. Ujazo wake ni mita 1,000 za ujazo. Kuta za lipu, sakafu ya saruji na paa la bati hufyonza kidogo sana. Tukadirie vipimo 21 kwa jengo zima. Madirisha yakifungwa na kanisa likiwa tupu, sauti itadumu kwa sekunde 7 na nusu hivi. Tufungue madirisha yenye jumla ya mita 18 za mraba: vipimo vinakuwa 39, na muda unashuka hadi sekunde 4. Waingie watu 40 wa ibada ya katikati ya wiki, kila mmoja kwa kadiri ya vipimo 0.45: tunapata sekunde 2.8, ambazo bado ni nyingi kwa mahubiri. Waingie watu 200 wa Jumapili: vipimo vinafika 129, na muda unakuwa sekunde 1 na robo. Hapo mahubiri husikika vizuri.

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, katika makanisa yetu tiba kubwa ya mwangwi ni washarika wenyewe, kwa miili yao na nguo zao. Mchungaji anayejaribu vyombo vya sauti siku ya Jumamosi katika kanisa tupu atavifungua kupita kiasi, kisha Jumapili atashangaa. La pili, baada ya watu, tiba inayofuata ni dirisha wazi. Mwanafizikia husema kwamba sauti iliyotoka dirishani imefyonzwa, nayo kwake imekwisha. Mchungaji hawezi kusema hivyo. Nje ya dirisha kuna mtu.

4. Bati

Kabla ya kumfikia mtu huyo, yatupasa kurudi kwenye paa. Bati la migongo lilipewa hataza mjini London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kulipaka zinki lisishike kutu. Katika karne hiyo hiyo Waingereza walitengeneza makanisa mazima ya bati na kuyasafirisha kwa meli hadi makoloni. Bati ni jepesi, halichukui nafasi kubwa safarini, haliungui, na fundi wawili huliezeka kwa siku chache. Hapa kwetu limekuwa alama ya maendeleo: nyumba ya bati ni nyumba ya mtu aliyefanikiwa.

Ubaya wake upo katika wepesi wake. Bamba jembamba hutetemeka kila tone linapoanguka, na jengo lote chini yake huwa kama ngoma. Mvua kubwa juu ya bati tupu hupita desibeli 70 kwa urahisi. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake kwamba ili maneno yaeleweke vizuri, yafaa sauti ya mnenaji izidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Maana yake, chini ya bati siku ya mvua mhubiri angehitaji kumfikia kila msikilizaji kwa desibeli 85. Kifua cha mwanadamu hakiwezi. Mama yule mzee alisema kweli tupu ya fizikia.

Mwongozo huo huo unashauri kwamba darasani kelele ya nyuma isizidi desibeli 35, na mwangwi usizidi kama sekunde 0.6. Na kila mtu aliyefundisha katika mkoa huu anajua jinsi mwalimu anavyoweka chaki chini mvua ikija, akasubiri. Vipindi vinavyopotea hivyo kati ya Desemba na Aprili ni vingi, na mtoto wa kijijini huupoteza wakati huo kuliko yule aliye katika jengo lenye dari. Kwa hiyo suala la paa ni la haki pia.

Tiba yenyewe haina siri. Ni kuweka kitu chenye uzito na nafasi ya hewa kati ya bati na watu: dari ya mbao, ya jipsamu, au hata ya mianzi iliyosukwa na kufunikwa kwa tabaka zito juu yake. Dari hiyo hupunguza na joto la mchana. Najua mapingamizi yake, kwa kuwa nimeyasikia katika vikao vya wazee wa kanisa: popo hukaa juu ya dari na kuleta harufu, mchwa hula mbao, na fedha zilizokusanywa zimekwisha kwenye bati. Haya ni kweli. Lakini mara nyingi fedha za dari hukosekana, kisha mwaka uleule fedha za vipaza sauti hupatikana.

5. Umeme na vipaza sauti

Kwa miaka mingi mji wa Songea ulipata umeme kwa mashine za dizeli, na umeme huo ulikuwa wa mashaka. Mwaka 2018 gridi ya taifa ilifika kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Tulishukuru, na tunaendelea kushukuru. Lakini pamoja na taa na mashine za kusaga, zilikuja pia sauti kubwa. Baa, kumbi za harusi, maduka, misikiti na makanisa, kila mmoja alipata uwezo wa kusema na mtaa mzima.

Usharika niliokuwa nautumikia ulinunua spika mbili kubwa. Tuliziweka mbele, kila upande wa madhabahu, na siku za mkesha tuliongeza sauti ili wa nyuma wasikie. Wa mbele waliziba masikio, wa nyuma walisikia mwangwi. Hatukujua kwamba katika chumba chenye mwangwi kuongeza nguvu ya sauti hakuongezi uwazi wa maneno, kwa sababu mwangwi nao huongezeka kwa kiasi kilekile. Ni kama mtu anayeongeza maji katika mto wenye tope akitumaini kuona chini.

Asubuhi moja baada ya mkesha alikuja nyumbani dada mmoja, jirani wa kanisa, muuguzi wa zamu za usiku ambaye juma lile alikuwa mapumzikoni. Alinisalimu kwa adabu, akakaa, akanywa chai. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, mahubiri yako nimeyasikia yote. Usingizi ndio sikuupata." Yeye si wa dhehebu letu, wala hakuja kugombana. Nilimwomba radhi. Alipoondoka nikakumbuka maneno mawili niliyoambiwa katika kazi yangu: mama mzee aliyekuwa ndani hakunisikia, na muuguzi aliyekuwa nje alinisikia. Neno lilikuwa limempita aliyelijia na kumwamsha aliyehitaji kulala.

Hesabu yake ni rahisi. Spika inayotoa desibeli 100 kwa umbali wa mita 1, ikielekea dirisha lililo wazi, itamfikia jirani aliye mita 64 kwa desibeli 64 hivi. Ili sauti hiyo ishuke hadi 35 mahali pa wazi pasipo kizuizi, ingebidi jirani akae umbali wa kilomita 2. Hakuna usharika wa mjini wenye uwanja wa namna hiyo.

Ulaya walikwisha kulikabili jambo hili. Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini London lina mwangwi wa zaidi ya sekunde 10 likiwa tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu waliliwekea vipaza sauti vyembamba na virefu vilivyopangwa kando ya watu, vinavyoelekeza sauti masikioni badala ya kwenye kuba, na vile vya nyuma vilicheleweshwa kidogo ili sauti yake iende pamoja na ile itokayo mbele. Kanuni waliyoifuata inatufaa hata sisi wenye spika za kawaida: vyombo vingi vidogo vilivyo karibu na watu hushinda chombo kimoja kikubwa kilicho mbali.

6. Viwango vya dola

Serikali za Afrika Mashariki hazikukaa kimya. Uganda ilitoa kanuni za viwango vya kelele mwaka 2003, na Kenya mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, na chini yake zikatolewa mwaka 2015 kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo, ambazo usimamizi wake ulikabidhiwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kwa majengo ya hospitali na taasisi za elimu ya juu kiwango ni desibeli 45 mchana na 35 usiku. Kwa makazi ni 50 mchana na 35 usiku. Kwa maeneo ya viwanda ni 70 mchana na 60 usiku. Nchini Rwanda mwaka 2018 serikali ilifunga mamia ya majengo ya ibada kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele.

Wako ndugu wanaoziona sheria hizi kuwa vita dhidi ya ibada. Siwezi kukubaliana nao. Katika nchi za baridi mjenzi huweza kuzuia kelele kwa ukuta mnene na dirisha la vioo viwili lililofungwa. Tofali letu la kuchoma nalo ni zuri kwa kazi hiyo. Lakini katika nchi yetu dirisha halifungwi. Tukilifunga, watu watazimia kwa joto na hewa nzito, na mwangwi utarudi. Mgonjwa wodini, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani na mtoto mchanga nao hulala madirisha wazi. Kwa hiyo kwetu ukuta hauwezi kumlinda jirani. Anayeweza kumlinda ni yule anayeshika kitufe cha sauti. Kiwango cha sheria kinaandika kwa tarakimu kile ambacho ujirani mwema ulipaswa kutufundisha.

Maandiko nayo hayatuachi bila onyo. Nabii Amosi alitangaza kwamba Mungu alichoshwa na kelele za nyimbo za watu waliopuuza haki (Amo. 5:23-24). Eliya hakumkuta Bwana katika upepo wala tetemeko (1 Fal. 19:11-12). Ezra, aliposoma torati mbele ya mkutano, alisimama juu ya mimbari ya mti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na Walawi walikuwa kati ya watu wakiwafafanulia (Neh. 8:4-8). Kwa lugha ya leo, palikuwa na mnenaji aliyeinuliwa, na wasaidizi waliosambazwa karibu na wasikilizaji. Shabaha ilikuwa kuelewa.

7. Mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu

Baada ya ziara ya muuguzi yule, baraza la wazee lilikaa mara tatu. Tuliyoamua ni madogo, lakini naona yafaa kuyaandika kwa ajili ya wachungaji vijana.

Kwanza, spika mbili kubwa ziliuzwa, zikanunuliwa ndogo sita zilizofungwa ukutani kimo cha kichwa na nusu, zikielekea chini kwa watu, wala hazielekei madirisha. Pili, mzee mmoja alipewa kazi ya kutoka nje wakati wa ibada na kusimama kwenye ua wa jirani. Akisikia maneno waziwazi, hurudi na kupunguza. Tatu, mikesha huendelea, ila baada ya saa 4 usiku vyombo huzimwa na watu husogea mbele. Wengi walihofu kwamba mkesha ungepoa. Kilichotokea ni kwamba watu walianza kuombeana kwa majina, kwa kuwa sasa walisikiana. Nne, kila mradi mpya wa ujenzi wa mtaa sharti uonyeshe gharama ya dari katika hesabu ya kwanza, hata kama maana yake ni kujenga kanisa fupi zaidi.

Dari ya kanisa letu wenyewe ilifika nusu, juu ya mimbari na viti vya mbele, nilipohamishwa. Nusu ya nyuma bado ilikuwa bati tupu. Siku za mvua wazee na wenye masikio mazito walielekezwa kukaa mbele, na vijana nyuma. Ni suluhisho la watu maskini, nalo lilikuwa halijakamilika.

Hitimisho

Tumeona kwamba watu wa Kilwa waliuchonga ukuta ili umsaidie imamu, kwamba watu wa Torgau waliisogeza mimbari iwafikie watu, na kwamba Sabine aliyapa mambo haya kipimo. Wote hao walishughulikia sauti kabla ya kuiongeza. Kizazi chetu kimepata chombo cha kuiongeza kabla ya kujifunza kuishughulikia, na gharama ya haraka hiyo hulipwa na mtu aliye nje ya dirisha, ambaye hakualikwa katika ibada yetu wala hakuulizwa.

Napendekeza kwamba vyuo vyetu viwe na saa chache za somo hili, pamoja na fundi ujenzi na mita ya sauti, katika mwaka ambao mwanafunzi anajifunza kuhubiri. Na kila mchungaji anayepanga kujenga afanye kwanza mambo mawili yasiyo na gharama: akae kiti cha mwisho cha kanisa lake siku ya mvua, kisha akae barazani kwa jirani siku ya mkesha. Yule mama mzee alikwisha kufariki. Sikuwahi kumhubiria tena siku ambayo angeweza kunisikia.